Bawabu Anayemtafuta Mgonjwa Asiye na Jina

Kila kilichoandikwa hapa ni kweli, kuanzia uzito wa masanduku hadi rangi ya tai ya wakili. Mwandishi ameapa hivyo mbele ya mhariri, mbele ya mkewe, na mbele ya sahani ya ndizi nyama ambayo hakuigusa mpaka alipomaliza kuapa. Mwenye shaka aende Temple Hills, Maryland, aulize kwa Elisante bawabu. Ataelekezwa.

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Elisante Mgonja yuko chini ya ardhi. Juu ya kichwa chake kuna ghorofa kumi na moja za hoteli moja ya katikati ya jiji la Washington, na mbele yake kuna masanduku sitini na tatu ya madaktari wa meno waliokuja mkutanoni. Ananyanyua moja, analibandika namba, analisukuma ukutani. Ananyanyua jingine. La nne lina uzito wa ndama aliyeshiba. Elisante anaapa ndani mna mawe.

"Siku hizi masanduku ndiyo wageni wangu," anasema, akipangusa kipaji cha uso kwa mkono wa shati. "Hayasemi asante, lakini pia hayanikodolei macho."

Kukodolewa macho ndiko kulikomshusha huku. Kwa miaka kumi na miwili Elisante alisimama juu, kwenye mlango mkubwa wa hoteli hiyo hiyo, amevaa koti la rangi ya damu ya mzee lenye vifungo vya shaba. Kisha kliniki moja ya urembo ikamuunguza shingo kwa mashine ya leza. Makovu yakavimba, yakapanda juu ya kola, mengine meusi kama lami na mengine meupe kama chokaa. Meneja akamwita ofisini, akamwambia kwa upole mwingi kwamba wageni wanashtuka.

Mlangoni Elisante alikuwa akirudi nyumbani na bakshishi ya dola mia na kumi kwa siku, mbali na mshahara. Stoo ya mizigo haina bakshishi. Daktari wa ngozi anamwambia makovu yale yanahitaji sindano kila mwezi kwa zaidi ya mwaka, na kila sindano ni dola mia mbili na hamsini ambazo bima yake ya kazini inakataa kulipa, kwa hoja kwamba ni mambo ya urembo.

"Walioniunguza ni watu wa urembo, sawa," anasema Elisante. "Sasa kidonda nacho ni urembo?"

Ndiyo maana anadai fidia. Akiipata, atatibiwa na atarudi mlangoni. Asipoipata, atabaki na masanduku mpaka kustaafu. Na kesi yote, yenye kurasa mia nne na zaidi, imekwama mahali pamoja: kuna mgonjwa mmoja ambaye Elisante lazima ampate, na hakuna mtu aliyewahi kumwona.

Elisante ana miaka hamsini na minne. Amezaliwa Usangi, kwenye milima ya Upare, na aliingia Marekani mwaka 2009. Anaishi Temple Hills na mkewe, Edna, anayehudumia wazee katika nyumba ya kulelea, na binti zao wawili wanaoelewa Kiswahili chote na kujibu Kiingereza kitupu.

Hoteli ina sheria: bawabu awe amenyoa ndevu kila siku inayoitwa siku. Kwa mtu mwenye ndevu za kujikunja kama za Elisante, sheria hiyo ni adhabu. Unywele ukikatwa na wembe hugeuka, ukarudi kuchoma ngozi kwa ndani, na shingo ikajaa vipele vyenye usaha. Alinyoa hivyo miaka kumi na miwili, akipaka spiriti na kuuma meno.

Baadaye, wakili alimweleza kwamba barua moja ya daktari ingetosha kumwondolea sheria hiyo. Elisante akiikumbuka barua hiyo huhesabu miaka kwa vidole, kisha huacha.

"Barua moja," anasema. "Nusu ukurasa. Na pale kazini wote walikuwa wanajua."

Aliyeona tangazo la kliniki ni Edna. Ilikuwa Columbia Heights, hatua chache kutoka kituo cha treni, ikitangaza vikao sita vya leza kwa bei ya vinne, dola mia saba na themanini, ndevu za shingoni zisirudi tena. Edna alilipa kwa kadi yake, kama zawadi ya kutimiza miaka ishirini ya ndoa.

Kikao cha kwanza kilichukua robo saa. Elisante anakumbuka kama kuchapwa na mpira wa kufungia noti, mara mia tano, mahali pale pale, na harufu kama ya kuku anayebabuliwa manyoya. Siku mbili baadaye yakatokeza malengelenge madogo, mfano wa mtu aliyemwagikiwa chai, na wembe wa kila asubuhi haukuyaacha yapone.

Kwa mujibu wa wakili wake, mama mmoja mfupi anayeitwa Lorraine, hapo ndipo kila kitu kilipotakiwa kusimama. Ngozi nyeusi huhitaji mwanga wa aina yake na nguvu ndogo, na kabla ya yote hujaribiwa sehemu ndogo kama kucha na kusubiriwa. Hakuna aliyejaribu kitu. Kumbukumbu za mashine zinaonyesha kwamba iliachwa na nguvu zile zile alizowekewa mteja aliyetangulia, mzungu mmoja mwenye nywele nyekundu.

Kikao cha pili, wiki sita baadaye, nguvu ikaongezwa.

Elisante alipiga kelele mara moja tu, kisha sauti ikamkauka. Moshi uliotoka shingoni mwake ulipanda darini, ukaamsha king'ora cha moto, na wateja wa jengo zima wakakimbilia barabarani wakiwa na matope ya urembo usoni, watu wakadhani ni maandamano. Edna, aliyekuwa amekaa sebule ya kusubiria, anasema hakusikia king'ora wala hakuona maandamano. Mwandishi anaziheshimu kumbukumbu zake.

Ambacho hakuna anayekipinga ni kilichofuata. Mhudumu alimpa Elisante pakiti ya barafu, kichupa cha krimu cha majaribio, na kuponi ya kusafishwa uso bure. Edna ameitunza kuponi hiyo kwenye bahasha ya plastiki. Muda wake unaisha mwezi ujao, na kliniki imeshatuma ujumbe mara tatu kuwakumbusha wasiukose.

Kwa kesi ya namna hii, mtu angedhani kazi imekwisha. Shingo ipo, picha zipo, daktari yupo. Lakini kampuni ya bima ya kliniki ilifungua faili la Elisante, ikakuta neno moja limeandikwa mara tano.

Siku tatu baada ya kikao cha kwanza, kliniki ilimpigia simu kuuliza anaendeleaje. Alijibu yuko vizuri. Wiki moja baadaye wakapiga tena. Yuko vizuri. Walipompigia kumkumbusha kikao cha pili, yuko vizuri. Alipofika mapokezini, yuko vizuri. Na alipokwisha kulala kitandani, kola imefunguliwa, mhudumu akiwa ameipa mgongo shingo yake na kuielekea mashine, akaulizwa mara ya tano. Yuko vizuri kabisa, Mungu akubariki, na wewe je?

Mhudumu akaandika kwamba mteja hana tatizo, akapandisha nguvu.

"Hakuitazama shingo," anasema Elisante, na hapa sauti yake hupanda. "Angegeuka tu. Malengelenge yalikuwa yanamwangalia."

Lorraine anakubaliana naye. Anasema kazi ya mhudumu ni kuangalia ngozi, si kuamkiana nayo. Lakini mwezi Septemba Elisante aliitwa Fairfax, Virginia, kwenye ofisi ya wakili wa bima, kuhojiwa chini ya kiapo. Wakili huyo anaitwa Wayne, mtu mpole, mwenye tai ya kijani yenye picha za bata.

Wayne hakumfokea. Alimsomea yale majibu matano moja baada ya jingine, taratibu, kama mtu anayesoma majina ya wafu kanisani. Kisha akauliza jambo moja: mtu mwenye malengelenge shingoni anajibuje mara tano kwamba yuko vizuri?

Elisante alieleza vizuri tu mwanzoni. Kwao Upare, alisema, salamu ni salamu. Ukikuta mtu amelazwa na mguu umevunjika, ukimuuliza habari, atakujibu nzuri, atakuuliza za nyumbani, za watoto, za mifugo, na mkishamaliza ndipo atakuonyesha mguu. Yeye alikuwa akisubiri salamu ziishe. Wale wa kliniki walikuwa wakikata simu katikati.

Wayne akatikisa kichwa kwa huruma, akasema hiyo ni simu tatu. Na kitandani je? Pale hakuna aliyekata simu.

Ndipo Elisante, kwa kuwa alikuwa ameapa, akasema ukweli wote. Akamsimulia habari ya mtu wa Moshi.

Habari yenyewe aliipata wiki yake ya kwanza Marekani, kwenye chai ya kumkaribisha pale Temple Hills. Mtanzania mmoja, mtu wa Moshi, mgeni kama yeye, aliulizwa na bosi wake hali yake. Mtu wa Moshi, kwa ushamba, akajibu ukweli: kichwa kinamgonga tangu jana. Haikupita dakika tano, gari la wagonjwa likafika linapiga kelele. Wakamfunga mikanda, wakampeleka hospitali, wakampiga picha za kichwa juu, chini na pembeni, wakamlaza, na asubuhi wakamkabidhi bili ya dola elfu tisa. Mpaka leo analipa. Funzo: nchi hii ukiulizwa hali, hata kama umeshika utumbo mkononi, sema uko vizuri.

Aliyemsimulia ni mstaafu mmoja wa jengo lile lile wanaloishi akina Elisante, mtu wa heshima zake na mwenye kusoma sana, ambaye ameomba jina lake lisitajwe gazetini.

Wayne aliandika kwa muda mrefu. Kisha akauliza mtu huyo wa Moshi anaitwa nani. Elisante hakujua. Akauliza kama amewahi kumwona. Hapana. Kama anajua hospitali, mwaka, au mtaa. Hapana, hapana, hapana.

"Kwa hiyo umeishi miaka kumi na tano ukimwogopa mtu usiyemjua," alisema Wayne.

"Yeye simwogopi," alijibu Elisante. "Naogopa bili yake."

Kwenye maegesho ya magari, Lorraine alimweleza kwamba amekalia kuti kavu. Katika jiji la Washington, mdai akikutwa na sehemu ya kosa, hata ndogo, anaweza kuondoka mikono mitupu. Wayne atawaambia wazee wa baraza kwamba Elisante aliuficha moto wa kwanza, kwa hiyo wa pili kajitakia. Na akiweza kuonyesha kwamba mtu wa Moshi ni hadithi iliyobuniwa pale pale kitini, hakuna atakayeamini neno jingine litakalotoka kinywani mwa bawabu huyo. Lorraine alimpa siku thelathini. Amtafute huyo mgonjwa.

Elisante akaanza kusaka.

Jumamosi ya kwanza alirudi Fairfax kwa Simiyu, Mkenya anayepika katika bwalo la chuo kikuu, ambaye anajulikana kujua kila mtu. Simiyu hakumaliza hata kusikiliza. Alisema anamjua huyo jamaa vizuri sana, ila si Mtanzania, ni wa kwao Kitale.

"Na bill haikuwa nine thousand, mzee. Ilikuwa eleven. Mimi siwezi kudanganya."

Elisante akauliza kama amewahi kukutana naye. Si kukutana hasa, alisema Simiyu, ila rafiki yake, beshte kabisa, aliishi naye nyumba moja. Beshte yuko wapi? Alihamia Minnesota, na simu yake haishiki. Elisante aliendesha gari mpaka nyumbani akizungumza na usukani.

Jumamosi ya pili alikwenda Columbia Heights kwa Bi Mahfudha, fundi cherehani kutoka Unguja, anayeshona mabuibui kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake. Bi Mahfudha alimpa kahawa na haluwa, akamuuliza za nyumbani, za mke, za watoto na za shingo, kisha akamsahihisha. Mtu yule alikuwa Mpemba. Na hakuchukuliwa na gari.

"Helikopta, kaka'angu," alisema. "Ilitua juu ya paa. Mie sikuiona kwa macho yangu, lakini habari nimeipata kwa mtu mkweli."

Elisante aliuliza mtu mkweli huyo ni nani. Bi Mahfudha akatia uzi kwenye sindano, akafikiri, akasema ilikuwa siku ya harusi ya mtu, zamani, jina limemtoka, likimrudia atapiga simu.

Alipotoka, ilimbidi apite mbele ya kliniki. Wamebandika bango jipya dirishani: picha ya mwanamume mweusi anayecheka, shingo laini kama yai. Elisante alisimama kulitazama hadi mlinzi wa duka la jirani akamuuliza kama yuko vizuri. Anasema alimwangalia yule mlinzi, akashindwa kujibu, akaondoka.

Jumamosi ya tatu hakutoka. Alipiga simu. Mkongo mmoja alimwambia monsieur huyo alikuwa wa Bukavu na alilazwa miezi miwili. Mchungaji mmoja alisema alimwombea. Dada mmoja wa Mombasa alisema alikuwa mwanamke. Kufikia jioni Elisante alikuwa na wagonjwa tisa, wa nchi nne, wenye bili kuanzia dola elfu tatu hadi elfu arobaini, na hata mmoja hana jina.

Aliweka simu mezani, akamwambia mkewe kwamba yeye amechoka, kesi ife, shingo ibaki, na masanduku yabarikiwe. Edna akaichukua ile simu na kumpigia Lorraine yeye mwenyewe, akamsomea orodha yote.

Lorraine alimwomba airudie tangu mwanzo. Kisha akasema maneno ambayo Edna aliyatafsiri na kuyaandika kwa kalamu ya wino nyuma ya kalenda ya kanisa.

"Simhitaji mgonjwa. Nileteeni mwongo."

Alieleza kwamba haijalishi kama mtu wa Moshi aliwahi kuishi. Kinachotakiwa ni kuonyesha kwamba Elisante aliambiwa habari hiyo kweli, na mtu anayeaminika, siku akiwa mgeni asiyejua kitu, na kwamba akaiamini. Mtu akiogopa kwa kudanganywa, hakuficha. Na mtu aliyesikia hadithi kwa mwenzake, hakuitunga kwenye kiti cha Wayne.

Kuanzia hapo kazi ikawa ya Edna. Huyu mama ni mweka hazina wa chama cha misiba cha Watanzania wa eneo hilo, na kwa miaka minane hakuna dola iliyowahi kumpotea. Alipiga simu kwa wote tisa. Hakuwauliza mgonjwa ni nani. Aliwauliza walisikia kwa nani, na huyo naye alisikia kwa nani. Nyuma ya kalenda akachora mishale.

Mchungaji alisikia kwa mwimbaji wa kwaya. Mwimbaji kwa dereva wa teksi. Beshte wa Simiyu akapatikana Minnesota, akasema aliisikia kwenye nyama choma, kwa mzee mmoja aliyekuwa akichekesha watu. Alhamisi moja Bi Mahfudha akapiga simu. Jina lilikuwa limemrudia akiwa jikoni.

Jumamosi asubuhi mwandishi wa makala haya alifika nyumbani kwa akina Mgonja na daftari lake, tayari kuandika habari za msako wa mgonjwa. Alikaribishwa vizuri. Chai ya maziwa ilikuwepo, chapati zilikuwepo. Edna alisubiri mgeni amalize chapati ya pili, kisha akaigeuza ile kalenda mbele yake.

"Mzee Festus," alisema, "hebu tusomee hapa kwa sauti."

Mishale yote, kutoka Fairfax, kutoka Columbia Heights, kutoka Minnesota, iliingia nyumba moja ya Temple Hills, ghorofa ya pili, mlango wa kushoto. Anayeishi hapo ni dereva wa basi mstaafu ambaye siku hizi huandika makala za maisha ya watu.

Mwandishi alikohoa. Alianza kwa kusema kwamba mtu wa Moshi, Mungu amrehemu, alikwisha kufariki. Edna akauliza alizikwa wapi, kwa sababu michango yote ya misiba hupita mikononi mwake na hakumbuki kupokea ya huyo. Mwandishi akajirekebisha, akasema hakufa, alirudi Moshi. Elisante akatoa simu mfukoni, akasema ana shemeji Moshi, ataje mtaa.

Hapo chai ilikuwa imeshapoa.

Ukweli, kama unavyosomeka sasa kwenye karatasi za wakili, ni mfupi. Mwaka 1998 Festus mwenyewe, akiwa dereva wa basi la jiji, aliulizwa na msimamizi wake hali yake, akajibu kichwa kinamuuma. Msimamizi alimpa vidonge viwili na maji, akamwambia basi linasubiri. Hakuna gari la wagonjwa lililokuja. Hakuna picha za kichwa. Bili haikuwepo. Kichwa kilipona kabla ya zamu kwisha.

Mwandishi aliona kisa hicho hakina utamu, akakiongezea gari. Watu walicheka, akaongeza bili. Helikopta si yake, na anaomba hilo lieleweke.

Elisante hakugomba. Alivua shali aliyokuwa amejifunga, akaikunja, akaiweka gotini.

"Miaka kumi na tano, Mzee," alisema. "Nimemjibu fine daktari wa meno akiwa ameshika koleo."

Mwandishi alicheka kidogo. Akaona anacheka peke yake.

"Ile siku pale kitandani, aliponiuliza, shingo ilikuwa bado inawaka kwa moto wa mara ya kwanza. Nilifungua mdomo nimwambie. Nikaliona gari lako la wagonjwa linakata kona." Akamtazama mwandishi usoni. "Kama ninavyokuona wewe sasa. Nikafunga mdomo."

Edna aliondoa vikombe. Mwandishi, ambaye kwa miaka mingi amekuwa na jibu la kila swali, aliomba msamaha kwa maneno mawili, ya kawaida, yasiyo na mapambo.

Jumatatu alipelekwa kwa kamishna wa viapo, Elisante akiwa mbele na Edna nyuma, kana kwamba angetoroka. Rasimu yake ya kwanza ilikuwa na kurasa saba. Lorraine alifuta tano na nusu. Alipofika kwenye swali la watu wangapi aliwasimulia habari hiyo, mwandishi alitaka kuandika wachache. Edna akakohoa. Imeandikwa: takriban arobaini, huenda zaidi, na kila mara alisema ni kweli.

Wayne ameshaipokea hati hiyo. Ameomba kumhoji Festus ana kwa ana, Fairfax, mwezi Januari, na ameuliza kama saa nne zitatosha. Lorraine anasema hiyo ni dalili njema. Mtu mwenye kesi nyepesi, anasema, hapotezi saa nne na mzee. Usuluhishi umepangwa Februari, na kwa mara ya kwanza kampuni ya bima imeuliza gharama za sindano ni kiasi gani na zitahitajika ngapi.

Elisante hajioni mshindi. Ana hasira bado, na anasema anaitunza, atakuwa na kazi nayo Februari. Asipopata chochote, anasema, angalau sasa faili litakuwa na jina la mtu mwingine mbali na lake.

Lakini mpango anao. Kwenye mfuko wa shati, karibu na kalamu ya kuandikia namba za masanduku, ana barua ya daktari wa ngozi, nusu ukurasa, inayosema wembe usimguse tena. Siku makovu yatakapolainika, atapanda ngazi mpaka kwa meneja na kuiweka mezani. Atafuga ndevu, fupi, zilizochongwa vizuri, kuanzia masikioni mpaka pale ngozi itakaporuhusu. Kisha atadai koti lake.

"Lile la damu ya mzee," anasema. "Wamempa kijana mmoja, linampwaya mabegani. Nimemwambia asilibane, mwenyewe nakuja."

Kuhusu mwandishi, Edna amekata shauri. Sindano ya mwezi huu inalipwa na Mzee Festus, na ya mwezi ujao pia, na hivyo hivyo mpaka siku ya usuluhishi. Mwandishi aliona dola mia mbili na hamsini ni nyingi kwa mstaafu, akataja pensheni, akataja dawa za presha, akataja paa linalovuja. Edna akamkumbusha kwamba wanaishi jengo moja na paa ni jipya.

Mwandishi akatoa kitabu cha hundi, akaandika, akatia sahihi, akaichana na kuinyoosha mezani kwa kiganja.

Edna aliisoma mbele, akaigeuza akaisoma nyuma, akamrudishia.

"Taslimu, Mzee," alisema. "Benki iko pale kona. Elisante atakusindikiza."